Mbio ndefu za wanawake: kizuizi kimehama, saivi kipo nyumbani saa kumi na moja alfajiri

Septemba 2025 Alphonce Simbu alipompita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 kule Tokyo na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, sisi wa Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida, tulifurahi mara mbili, kwasababu jamaa ni wa Ikungi, Singida, ni wa kwetu kabisa. Na tulikuwa na haki ya kufurahi, Tanzania haikuwahi kupata dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha kabla ya siku ile. Ila toka siku ile nina swali moja na sioni watu wakiliuliza. Yuko wapi binti wa Ikungi, au wa Manyoni, au wa Bahi, au wa Kondoa, aliyezaliwa miaka ileile, aliyetembea kwenda shule umbali uleule, juani kulekule, kwenye kichanga kilekile, na pengine siku ya michezo shuleni alikuwa anawaacha wavulana nyuma na watu wanapiga vigelegele? Huyo hatujui hata jina lake.

Na sio kwamba kanda hii haijawahi kutoa wanawake, hapo ndo panaponiuma. Zakia Mrisho ametokea Singida. Mwaka 2005 alimaliza wa 6 kwenye mita 5000 ya mashindano ya dunia Helsinki, na mwaka huohuo kule Monaco akashinda mita 3000 kwenye fainali ya kufungia msimu wa riadha duniani. Restituta Joseph naye ni wa Singida na alivaa jezi ya taifa Olimpiki ya Sydney 2000. Ukitoka nje ya kanda, Banuelia Mrashani alishinda marathoni ya wanawake ya Tokyo mwaka 2002 kwa saa 2:24:59, na Magdalena Shauri Septemba 2023 alishika nafasi ya 3 Berlin kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Ukirudi nyuma kabisa, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuleta medali ya kimataifa ni Theresia Dismas, fedha ya kurusha mkuki, michezo ya Afrika Brazzaville 1965, yaani nchi ina miaka minne tu toka uhuru. Kwahiyo vipaji vipo na vimekuwepo muda wote. Tatizo ni kwamba kila mmoja alitokea peke yake, aking'aa tunapiga makofi, akiondoka nyuma yake kimya, miaka inapita mpaka aje mwingine naye kivyake.

Kuna watu bado wanaamini, hata kama hawatamki, kwamba mbio ndefu asili yake ni za wanaume na mwanamke amekaribishwa tu. Imani hiyo ina historia na historia yenyewe imejaa uongo. Olimpiki ya Amsterdam 1928 wanawake waliruhusiwa mita 800 kwa mara ya kwanza, Mjerumani Lina Radke akashinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, na wote 9 walioingia fainali walimaliza. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka na kuzimia ovyo, kwamba ni hatari kwa mwili wa kike, na kwa maneno hayo mbio ikafutwa mpaka Roma 1960. Miaka 32 kwa ajili ya mizunguko miwili ya uwanja! Mwaka 1966 Bobbi Gibb aliomba kukimbia marathoni ya Boston, Marekani, akajibiwa kwamba mwanamke hana uwezo wa umbali ule, akajificha kwenye vichaka karibu na mstari wa kuanzia, wanaume walipoondoka akachomoka akaingia katikati yao na akamaliza. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa jina la K. V. Switzer akapewa namba 261, na njiani afisa wa mbio, Jock Semple, alimkimbilia kutaka kumnyang'anya namba ile mbele ya kamera. Switzer akamaliza. Boston ikakubali wanawake rasmi 1972, na marathoni ya wanawake ikaingia Olimpiki 1984 Los Angeles, ambako Joan Benoit wa Marekani alishinda kwa saa 2:24:52. Wanaume walianza kuikimbia Olimpiki 1896. Ni miaka 88 ya kumwambia mtu huwezi wakati hujampa nafasi ajaribu.

Sasa angalia walichofanya baada ya mlango kufunguliwa. Mwaka 1998 Tegla Loroupe wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:20:47 pale Rotterdam. Paula Radcliffe akaishusha mpaka 2:15:25 mwaka 2003, ikakaa miaka 16 mpaka Brigid Kosgei alipoivunja, alafu Tigst Assefa wa Ethiopia akaja Berlin 2023, mbio ileile ya Shauri, akakimbia 2:11:53. Ruth Chepngetich alikimbia 2:09:56 Chicago 2024, rekodi bado inasimama kwenye vitabu, ila 2025 akafungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyokatazwa michezoni iliyokutwa kwenye sampuli ya Machi mwaka huo, kwahiyo mimi kwenye hoja hii naiweka pembeni, sitaki hoja yangu isimame juu yake. Ya Assefa inatosha. Abebe Bikila, mwanaume ambaye bara zima linamheshimu, alivunja rekodi ya dunia Tokyo 1964 kwa saa 2:12:11. Mwanamke wa leo amekimbia chini ya hapo. Najua viatu vya saivi vina msaada mkubwa na lishe imebadilika, sawa, ila mtu akikwambia mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa kilomita 42 mpe hizo namba mbili azitazame.

Kwahiyo kizuizi cha kwenye mstari wa kuanzia kimeisha. Leo hii ukitaka kukimbia hapa Dom, yaani Dodoma mjini, unalipia kwa simu, unachukua tisheti na namba, basi. Hakuna afisa atakayekukimbilia njiani. Hoja yangu ni kwamba kizuizi hakijafa, kimehama, kimeingia ndani ya nyumba na ndani ya ratiba ya siku ya binti, na huko hakionekani kwenye kamera kwahiyo hakuna anayekasirika.

Chukua kijana wa kiume wa miaka 16 kijijini huko Chamwino na dada yake wa miaka 15. Wote wanapenda kukimbia. Saa kumi na moja alfajiri kijana akiamka akatoka kukimbia, watu wanasema huyu ana malengo. Dada yake muda huohuo anashika ndoo. Kanda yetu ni kavu, mvua zinaanza kati ya Novemba na Desemba zinakata Aprili, na kuanzia katikati ya kiangazi visima vingi vinashuka, foleni inakuwa ndefu, na anayekaa kwenye foleni ni mama na mabinti zake. Akirudi kuna uwanja wa kufagia, kuna moto wa kuwasha, kuna uji wa wadogo zake, alafu ndo shule. Jioni kuna kuni na jikoni. Mazoezi ya mbio ndefu hayajaribiwi kwenye muda uliobaki, yanataka mara mbili kwa siku kwa ratiba isiyoyumba, na katikati yanataka usingizi. Mkimbiaji wa kweli analala mchana. Hili watu hawalijui kabisa, kwamba kulala mchana ni sehemu ya kazi, mwili unajijenga pale. Sasa nitajie nyumba moja huku kwetu ambapo binti wa miaka 15 atalala saa nane mchana na mtu asimwite mvivu. Kaka yake akilala wanasema kachoka na mazoezi.

Na usiniambie kuchota maji ni mazoezi. Nimesikia hiyo hoja mara nyingi, hata kwa watu wasomi, kwamba mabinti zetu ni wakakamavu kwasababu wanabeba ndoo. Ndoo kichwani inachosha shingo na magoti, inakula muda na inakula usingizi. Haijengi kasi.

Kisha inakuja ile miaka ambayo mimi naona ndo kiini cha jambo lote, kuanzia 15 mpaka 20. Wavulana wanaokimbia vizuri kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wana njia, ndogo lakini ipo: mwalimu anamjua kocha Arusha, kocha ana kambi, kambini kijana analala kwenye chumba na wenzake watano, anakula ugali, anasubiri nafasi ya kuingia timu za majeshi, JWTZ au Polisi au Magereza. Riadha yetu kwa kiasi kikubwa inabebwa na majeshi. Binti mwenye kipaji kilekile, mzazi wake anaulizwa amruhusu aende kambi ya mbali ambako kocha ni mwanaume, meneja ni mwanaume, wengi wa wakimbiaji ni wanaume na hakuna mama mtu mzima hata mmoja wa kumwangalia. Mimi mzazi huyo simlaumu akikataa. Hata mimi ningekataa. Anayepaswa kulaumiwa ni aliyejenga kambi bila kumfikiria yule binti, alafu kila mwaka anasema wanawake hawajitokezi.

Binti akibaki nyumbani baada ya kidato cha nne yanaanza mengine. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 mzazi akiridhia, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hiyo ni kinyume na katiba na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, lakini huku chini mambo yanaenda kwa mazoea. Wengine wanapata mimba. Angalau toka Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti waliojifungua kurudi shule na hilo nalipongeza kwa moyo wote, ila kwenye michezo bado tunaishi zamani, binti akishazaa tunamfuta kwenye orodha. Wakati Derartu Tulu wa Ethiopia, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki, mita 10,000 Barcelona 1992, alizaa, akarudi, akachukua dhahabu nyingine Sydney 2000, na akashinda marathoni ya New York 2009 akiwa na miaka 37. Faith Kipyegon alijifungua 2018 kisha akachukua dhahabu mbili zaidi za Olimpiki. Peres Jepchirchir alishinda marathoni ya Olimpiki ya Tokyo akiwa mama. Uzazi umewasimamisha kwa muda, haukuwamaliza, na tofauti ni kwamba walikuwa na watu wa kulea mtoto na watu waliowasubiri.

Turudi mjini kidogo. Dom imebadilika, hilo lazima tulikubali. Jumamosi na Jumapili alfajiri barabara za Kilimani na Area D zina makundi ya jogingi na nusu ya watu ni wanawake, wamama wa ofisini, wanafunzi wa UDOM, wauguzi waliotoka zamu. Toka 2020 tuna NBC Dodoma Marathon ya kila mwaka ambayo inachangisha hela ya kupambana na saratani ya shingo ya kizazi, jambo zuri sana. Mwanamke kuvaa taiti na raba na kukimbia barabarani mchana kweupe sio habari tena mjini, na miaka kumi na tano nyuma ilikuwa habari. Bodaboda bado wanapiga kelele zao na wengine wanaropoka mambo ya aibu, lakini makundi yamesaidia, ukiwa na wenzako ishirini hakuna mtu anakusogelea.

Ila tusijidanganye kwa picha. Tazama mbio zetu kwa macho ya uchambuzi: kilomita 5 wanawake wamejaa, kilomita 10 wapo, kilomita 21 wanapungua, 42 unawahesabu. Na hao wa kilomita 5 wengi ni watu wazima wenye kazi, wamekuja kwa afya, nawapenda na wako sahihi kabisa kukimbia kwa afya. Hawa sio yule binti wa Ikungi. Hela ya kujiandikisha tu kwake ni hela ya matumizi ya nyumbani ya siku kadhaa. Kuzifurahia namba za wanawake kwenye mbio za wikendi na kusema tumevunja vizuizi ni sawa na kusimama pembeni ya shamba usilolipalilia ukisubiri mavuno.

Suala la mavazi nalipitia haraka kwasababu naona linakuzwa kuliko lilivyo. Kule Kondoa wazazi wanauliza binti yangu atakimbia na nini. Atakimbia na suruali ndefu na mikono mirefu na ushungi wa michezo, vipo na vinauzwa. Sifan Hassan alishinda marathoni ya Olimpiki Paris 2024 na akapanda jukwaani kupokea medali amevaa hijabu, dunia nzima ikimuona. Mzazi akishajua hilo mazungumzo yanahamia kwenye maswali ya maana zaidi, ya usalama na nani atakuwa naye.

Lisilozungumzwa kabisa ni damu. Mwanamke anapoteza damu kila mwezi na kwenye damu kuna madini ya chuma, ambayo ndo yanabeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Binti anayekimbia kilomita nyingi kwa ugali wa uwele na mlenda peke yake, bila nyama, bila dagaa, maharage kwa nadra, damu itapungua, atachoka, muda wake utashuka na kocha atasema amekuwa mzito au ana mambo ya wavulana. Na akizidisha mazoezi bila chakula cha kutosha hedhi inakata, mifupa inakosa nguvu, anaanza kupata nyufa za mfupa kwenye muundi na unyayo. Hedhi ikikata kocha asiyejua anaona sawa tu, wakati ni kengele ya hatari. Na kwa uzoefu wa huku, binti gani wa Kigogo au wa Kinyaturu atamwambia kocha mwanaume, tena mtu mzima anayemwita baba, kwamba sijaona siku zangu miezi mitatu? Hatasema. Atajitibu kwa kunyamaza, na msimu ukiisha anaacha mbio na sisi tunasema kipaji kimeisha.

Alafu kuna hela, na hapa naomba tuangalie majirani kwa makini kwasababu yao yalianza kabla yetu. Agnes Tirop wa Kenya Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake peke yao, na mwezi uliofuata akakutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, mume wake akashtakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Paris Agosti 2024 na mwezi wa Septemba aliyekuwa mwenza wake alimmwagia petroli akamchoma moto, akafariki, ugomvi ukihusishwa na kiwanja. Hawa ni wanawake walioshinda vizuizi vyote nilivyovitaja hapo juu, wakapata hela, na hela ikawa sababu ya kuwindwa na watu wa karibu. Mwanaume anajifanya kocha, kisha mume, kisha ndo mwenye akaunti na hati ya kiwanja. Tukianza kuzalisha wakimbiaji wa kike Kanda ya Kati bila kuwafundisha mkataba, akaunti kwa jina lake na shamba kwa jina lake, tutawazalisha kwa ajili ya watu wengine.

Ninachotaka kifanyike sio mambo ya mabilioni. Kambi za taifa ziendelee kuwa Arusha na Mbulu, sawa, kule kuna mwinuko unaojenga pumzi, Iten wana mita kama 2,400 na Dodoma tuna kama 1,100 tu, hatuwezi kushindana na jiografia. Lakini binti wa miaka 15 hahitaji mwinuko, anahitaji kukimbia karibu na kwao chini ya macho ya mtu ambaye mama yake anamwamini. Singida ina mwinuko wa mita kama 1,500, inatosha kabisa kumlea mpaka 18 au 19. Mazoezi yawe shuleni, mchana baada ya vipindi, kabla hajarudi nyumbani kwenye ndoo, na chakula cha mchana kiwepo. Shule zenye mabweni ya wasichana zina nafasi kubwa zaidi hapa na sijui kwanini hatuzitumii, binti wa bweni amelala, amekula, hachoti maji kilomita mbili.

Na makocha wa kike. Hili ningeliweka mbele ya viwanja na mbele ya viatu. Serikali kupitia Baraza la Michezo na JICA, shirika la misaada la Japani, mkimbiaji wetu wa zamani wa marathoni Juma Ikangaa akiwa balozi wake, walianzisha mashindano ya Ladies First mwaka 2017 kwa ajili ya riadha ya wanawake, yamesaidia mabinti kuonekana. Ila mashindano ni siku mbili, kocha ni mwaka mzima. Wapo wanawake waliowahi kukimbia kwa kiwango cha mkoa na taifa, saivi wana miaka 35, 40, 45, wanauza duka, wanafundisha shule za msingi, wanalima alizeti. Wanajua hedhi, wanajua ujauzito, wanajua meneja mjanja anavyoongea. Wapewe kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza na posho inayoeleweka, mmoja Bahi, mmoja Chemba, mmoja Mpwapwa, mmoja Ikungi, mmoja Mkalama, na kazi yao ya kwanza iwe kuchukua matokeo ya UMISSETA ya miaka mitano iliyopita, mita 1500 wasichana, waende nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliomaliza watatu wa kwanza. Wengine watawakuta na mtoto mgongoni wana miaka 19. Hao nao waandikwe.